Insulini ya maabara: kwa nini sindano, na kwa nini haitaki joto

Insulini inatoka kwa mnyama?

Zamani, ndiyo. Tangu mgonjwa wa kwanza adungwe mjini Toronto mwaka 1922, homoni hii inayoshusha sukari kwenye damu ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, ikawaokoa watu ambao kisukari kingewaua. Ila insulini ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja (vipande vinavyounda protini), ya ng'ombe kwa tatu, na baadhi ya wagonjwa walipata mzio. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walifanikiwa kutengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria waliopandikizwa jeni. Mwaka 1982 ikaruhusiwa kuuzwa.

Kwa hiyo najidunga bakteria?

Hapana. Bakteria au hamira hukuzwa kwenye matangi, kisha insulini hutenganishwa nao na kusafishwa.

Mbona haiji kama kidonge?

Kwa sababu ni protini: minyororo miwili yenye jumla ya asidi amino 51. Ukiimeza, tumbo na utumbo huimeng'enya kama protini ya chakula, na ikifika kwenye damu imeshakatwakatwa.

Kwa nini kuna aina nyingi?

Hapa ndipo ufundi wa maabara unaponivutia zaidi. Molekuli za insulini ya kawaida hushikamana sitasita, na zikishadungwa lazima kwanza ziachane ndipo ziingie kwenye damu. Ndiyo maana hudungwa kama nusu saa kabla ya kula. Insulini lispro, iliyoidhinishwa 1996, ni ileile ila asidi amino mbili za karibu na mwisho wa mnyororo mmoja zimebadilishana nafasi. Badiliko hilo dogo huzifanya ziachane upesi, hivyo huanza kazi kwa takribani dakika 15. Glargine, aina nyingine ya insulini, hufanya kinyume: huganda chini ya ngozi na kutoka kidogo kidogo kwa karibu siku nzima. Kuchanganya kichupa cha moja na cha nyingine ni hatari kweli, hivyo soma jina kila mara kabla ya kuvuta dawa.

Niihifadhije?

Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mbali na sehemu ya kugandisha. Protini hufanya kazi kwa umbo lake, na joto huliharibu, kama ute wa yai unavyobadilika ukipikwa na usirudi ulivyokuwa. Iliyoganda itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Ukishafungua, aina nyingi hudumu wiki 4 hivi mahali pasipozidi nyuzi 30, lakini fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Angalia pia rangi. Ile inayopaswa kuwa angavu ikiwa na ukungu au chembechembe, usiitumie. NPH, aina ya insulini inayofanya kazi kwa muda wa kati, ina ukungu kwa asili yake: izungushe polepole kati ya viganja hadi ichanganyike sawasawa, usiitikise kwa nguvu.

Sukari imepanda ingawa dozi ni ileile. Niongeze?

Usiongeze kwa kukisia. Chukua kichupa kipya, pima tena, na umpigie mhudumu wako wa afya siku hiyohiyo. Ukiwa unatapika, unapumua kwa kasi au unasinzia kupita kawaida, nenda hospitali mara moja.