Hadithi ya kupokezana ni nini, na kwa nini mashindano yake hufia njiani

Hadithi ya kupokezana ni hadithi moja inayoandikwa na watu kadhaa kwa zamu. Wa kwanza anaandika mwanzo, wa pili anasoma alichokikuta na kukiendeleza, hivyo hivyo mpaka wa mwisho aifunge. Sisi hapa Dodoma tumezoea kuiita hadithi ya vijiti, kwa kuifananisha na mbio za kupokezana vijiti. Na mfano wenyewe una mafunzo: kwenye mbio za watu wanne, kila mmoja mita 100, kijiti kinatakiwa kibadilishe mkono ndani ya eneo la mita 30. Mnaweza kuwa na miguu ya kasi kuliko timu zote, mkikosana hapo mmekwisha.

Isichanganywe na hadithi ya wazi, ambapo yeyote anaingia wakati wowote na kubadili chochote. Mwaka 2007 kampuni ya vitabu ya Penguin ya Uingereza, pamoja na Chuo Kikuu cha De Montfort, walijaribu kuandika riwaya ya namna hiyo kwenye intaneti. Watu walifurika, wakafutana maneno, na mmoja akawa anapachika ndizi kila mahali. Ilivutia kuitazama kuliko kuisoma. Kwenye kupokezana kuna zamu, na zamu inaleta swali la mpangilio: nani anaandika lini, maneno mangapi, nani anatoa alama, na anazitoa kwa kipi. Watu huyajibu haya harakaharaka ili waanze kuandika. Sisi tulifanya hivyo.

Tulikuwa watu kumi kwenye kundi la WhatsApp, wengi wa Makole, Kisasa na Chang'ombe, wawili wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mmoja wa Kongwa. Kila mtu alichanga elfu tano. Kila mtu maneno 500 na saa 48. Vipande vilikuwa vinapelekwa kwenye kundi kubwa la wasomaji, na mwenye laiki nyingi angechukua elfu hamsini yote. Hadithi ilianza vizuri mno: Neema, binti anayeuza zabibu za Hombolo pale stendi ya Nanenane, anapanga kreti asubuhi na kukuta bahasha chini ya zabibu. Juu yake pameandikwa jina la baba yake, aliyezikwa miaka tisa iliyopita, kwa wino ambao bado unachafua kidole.

Kipande cha pili, basi likapinduka. Cha tatu, Neema akafa. Cha nne, kumbe alikuwa anaota. Cha tano akatokea pacha wake. Cha sita wakafa wote wawili.

"Kaka, umemuua tena?"

"Dada, nimepata laiki arobaini."

Wa zamu ya nane, ambaye kwa maoni yangu ndiye fundi kuliko sote, alituma ujumbe mfupi: "Naombeni mniruke." Hadithi ikaishia hapo. Bahasha haikuwahi kufunguliwa.

Nimelifikiria sana jambo hili na sioni wa kumlaumu. Laiki ilikuwa inapewa kipande, na kipande kinachopigiwa laiki ni kile kinachoshtua. Anayemfanya Neema aifiche bahasha kwenye khanga, amtumie shangazi yake meseji kisha aifute kabla haijasomwa, anamwachia mwenzake kazi ya kupendeza, ila msomaji hatamrushia laiki kwa hilo. Ni kama kumlipa kila mkimbiaji kwa kasi yake peke yake, halafu ushangae hakuna anayegeuka kunyoosha mkono. (Na bado sijagusa kura za undugu. Aliyesoma na watu wengi sekondari alikuwa na laiki kabla hajaandika neno.)

Dawa ya kwanza tunayo tangu utotoni, ila hatukuitambua. Ukisema "kitendawili", ukaitikiwa "tega", lazima jibu uwe nalo. Wenzako wakishindwa wanakupa mji, unasema umekwenda Dodoma na nini umekula, ndipo unatoboa. (Enzi zetu, kabla serikali haijahamia huku, ukipewa Dodoma unaikataa, unataka Dar. Siku hizi sijui watoto wanafanyaje.) Hakuna anayetega, anachukua mji, halafu anasema hata yeye jibu halijui. Angezomewa. Kwenye hadithi yetu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kila siku: mtu analipua basi, anaondoka.

Waandishi wa hadithi za upelelezi wa Uingereza, kwenye chama chao cha Detection Club, walilitambua hilo. Mwaka 1931 walitoa riwaya waliyoiandika kwa kupokezana, kila mmoja sura yake. Agatha Christie na Dorothy L. Sayers walikuwamo. Walijiwekea sharti kwamba ukiongeza utata kwenye mkasa uwe na suluhisho lako kichwani, na dalili zilizoachwa na waliokutangulia uzishughulikie zote, usizipite. Masuluhisho yao yalichapishwa mwishoni mwa kitabu, msomaji akaona nani alikuwa anaelekea wapi. Kwa shindano la simu inatosha sentensi mbili: ukimaliza kipande unamtumia mratibu faragha, "Ningekuwa mimi naendelea, bahasha ingekuwa ya kaka yake Neema mwenye jina la baba." Mpokeaji haoni, wala halazimiki kuifuata. Inakubana wewe tu.

Dawa ya pili ni ya foleni. Watu kumi kwa saa 48 ni siku 20 kwa hadithi moja, na wa mwisho anakaa siku 18 akingoja. Anapofikiwa, ameshasahau ilianzia wapi. Afadhali timu ya watu wanne yenye hadithi nne zinazotembea kwa pamoja. Kila raundi kila mtu anaandika, hakuna anayekaa bure. Ukiwapa siku tatu kila raundi, siku ya 12 mna hadithi nne kamili.

Hapa pana mtego mdogo. Mkipeana kwa mzunguko wa kawaida, kila siku utapokea kutoka kwa jirani yuleyule, na kama yeye ndiye muuaji wa Neema, pole. Panga hivi: hadithi ya kwanza ipite kwa A, B, D, C, ya pili B, C, A, D, ya tatu C, D, B, A, ya nne D, A, C, B. Chukua karatasi uhakikishe. Kila mmoja ameanza moja, amefunga moja, na amepokea kutoka kwa kila mwenzake mara moja tu.

Mpangilio huo ndio unaowezesha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: alama za kipande atoe aliyekipokea. Yeye ndiye aliyekaa na simu saa nne usiku akitafuta pa kushika. Tumemwekea maswali mawili: uliona njia zaidi ya moja ya kuendelea? Na vilivyoachwa na waliotangulia vimetumika au vimetupwa? Kipande cha mwisho hakina mpokeaji, kwa hiyo anakipima aliyeanzisha hadithi, maana ndiye anayejua alipanda nini. Ubahili wa alama nao haupotoshi sana, kwa sababu mwenye mkono mzito anakuwa mzito kwa wote. Nusu nyingine ya alama inatoka kwa wasomaji watatu wa nje, wanaosoma hadithi nzima bila majina, na alama hiyo inakwenda kwa timu yote. Laiki zimebaki za kufurahisha baraza.

Kuhusu umiliki, mkubaliane kwa maandishi kabla ya raundi ya kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi ya watunzi wengi kwa pamoja, lakini haitawaambia nani apokee simu ya mchapishaji.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba mmoja akikwama, kwa msiba au kwa bando kuisha, wote wanne wanayumba. Kwa hiyo kila timu ina mtu wa akiba, anayesoma hadithi zote nne tangu mwanzo na haandiki mpaka aitwe. Ni kazi isiyo na sifa, na tuliowaomba wengi walikataa. Yule wa Kongwa amekubali, kwa sharti moja: hadithi ya Neema ianzwe upya, na bahasha aifungue yeye.