Asubuhi ya Darasa la Kwanza: ninavyomsikiliza kila mtoto akisoma

Nimefundisha Darasa la Kwanza kwa miaka 16, yote katika shule za serikali mkoani Mwanza, na swali ninaloulizwa mara nyingi na walimu wapya ni namna gani mwalimu mmoja mwenye watoto 80 anaweza kujua nani anasoma na nani anafuata mkumbo. Jibu langu limo katika ratiba ya asubuhi, hasa katika dakika 20 ambazo zamani nilizimaliza kwa kuwaitikisha watoto darasa zima kwa pamoja.

Kuitikia huko nakujua vizuri. Mwalimu anagonga fimbo chini ya silabi ubaoni, watoto wanapaza sauti "ba, be, bi, bo, bu" hadi madirisha yanatikisika, na mwalimu mkuu akipita barazani anaridhika kwamba kazi inafanyika. Nami niliridhika, mpaka siku nilipomwita msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwaongoza wenzake, anisomee ukurasa wenye sentensi tatu. Sentensi ya pili ilikuwa "Mama anapika wali." Akasoma bila kusita, kidole kikitembea chini ya maneno: "Mama anapika ugali." Pichani palikuwa na mama na sufuria juu ya mafiga, na katika nyumba nyingi za kwetu sufuria ya jioni ni ya ugali. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikaandika neno "wali" peke yake kwenye kipande cha karatasi. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni "wa". Alizijua irabu zote tano na konsonanti chache. Yaliyobaki yote aliyapata kwa kumbukumbu na kwa picha, na tulikuwa tumeshafika mwezi wa saba.

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliuelekeza muda wa watoto hawa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kipindi kimoja kilikuwa cha dakika 30. Tangu siku ya wali na ugali nimekuwa nikiunganisha vipindi viwili vya kwanza, kabla ya uji, kwa kuwa baada ya mapumziko joto la bati huwa limeshapanda na watoto wa miaka sita huanza kusinzia.

Dakika 10 za mwanzo hazina kitabu wala chaki. Ninataja neno na watoto wanapiga kofi moja kwa kila silabi. "Mbuzi" ni makofi mawili, mbu-zi, na "mbu" nalo ni makofi mawili, m-bu, jambo ambalo watoto hulisikia upesi kuliko walimu wenzangu, ambao nimewahi kuwaona wakibishana juu yake chumba kizima cha walimu. Mtoto anayezikata silabi kwa sikio hupata kazi nyepesi zaidi anapoziona ubaoni. Kwa sababu hiyohiyo herufi nazifundisha kwa sauti zake, wala siyo kwa majina yake, maana mtoto aliyezoeshwa kwamba herufi ya m inaitwa "me" ataiunganisha na a, atasoma "mea", na atashangaa kwa nini umemkatalia.

Dakika 20 zinazofuata ni za silabi mpya na za kujenga maneno kwa kadi ambazo nazikata kutoka kwenye maboksi ya dukani. Hapa Kiswahili kina fadhila kubwa, kwa kuwa herufi hazibadilishi sauti ovyo: konsonanti tano tu, tuseme m, k, l, t na b, zikikutana na irabu tano hutoa silabi 25, na ndani yake mna meli, kuku, bata, kiti, hata kabati. Ugumu huja baadaye, katika urefu. Mtoto anayekutana na "wanapotuita" huisoma silabi moja moja kwa uaminifu, na akifika mwisho huwa ameshausahau mwanzo. Dawa ninayotumia ni kipande cha kadi kinachofunika neno na kulifungua kwa mafungu ambayo sikio la mtoto tayari linayajua: wana, po, tu, ita. Ndiyo maana kipimo cha maneno 50 kwa dakika, kilichowekwa kwa Darasa la Pili, nakitumia kwa tahadhari, kwani maneno 50 yaliyojaa viambishi si mzigo sawa na maneno 50 ya mama, kaka na kuku.

Kisha huja dakika 20 za kusikiliza. Watoto wengine hunakili maneno kwenye madaftari au husoma watatu watatu kwa kitabu kimoja, nami ninakaa pembeni na kuwaita wanane, mmoja mmoja. Watoto wanane kwa siku ni 80 kwa siku kumi za masomo, kwa hiyo kwa kawaida mtoto husikilizwa mara moja kwa wiki mbili, na wale dhaifu nawaita mara mbili kila wiki kwa kuwapunguzia zamu waliokwisha kukomaa. Katika kaunta buku kila mtoto ana mstari wake: P ni aliyekisia kwa picha, S ni aliyeishia kwenye silabi, N ni aliyesoma neno zima. Anayetamka "karamu" mahali palipoandikwa "kalamu" simwekei alama ya kosa la kusoma ikiwa anajua kuwa ni kifaa cha kuandikia. Huo ni ulimi wa nyumbani, na dawa yake ipo kwenye dakika za makofi.

Kelele zipo. Mthibiti ubora mmoja, yaani mkaguzi wa shule, aliwahi kuandika katika taarifa yake kwamba darasa langu halina utulivu, na kwa kweli halikuwa nao, kwa sababu watoto 72 walikuwa wakisoma kwa sauti huku wanane wakisubiri zamu. Nilimwonyesha kaunta buku, akapiga picha ukurasa mmoja, lakini taarifa hakuibadilisha.

Dakika 10 za mwisho ninawasomea hadithi, nikisimama katikati kuuliza nini kitafuata.

Wakitoka mchana, kila mtoto hubeba nyumbani kadi tano, na mzazi anaombwa kumsikiliza tu, hata kama yeye mwenyewe hasomi. Kadi nyingi hurudi zikinuka moshi, zingine zina alama za mafuta ya taa, na moja iliwahi kurudi imetafunwa pembe na mbuzi. Zile zinazorudi kama zilivyotoka, nyeupe na kingo zimenyooka, naziweka kando, na majina ya wenye nazo huanza orodha yangu ya Jumatatu.