Kisiwa cha umeme: kwa nini sola ya paani huzimika gridi ikizimika

Wauzaji wa sola wamelizoea lalamiko hili. Jua linawaka, paneli zipo paani na hazina hata ufa, umeme wa gridi umekatika, na ndani ya nyumba friji limenyamaza na feni imesimama. Mwenye nyumba anaamini ameuziwa inveta mbovu, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Kumbe inveta ni nzima kabisa. Imejizima kwa makusudi, ili isitengeneze kile ambacho wahandisi hukiita kisiwa cha umeme.

Kisiwa cha umeme ni kipande cha mtandao kilichotengana na gridi lakini bado kina umeme, kwa kuwa ndani yake kuna chanzo kinachoendelea kuzalisha. Chanzo hicho chaweza kuwa sola, jenereta au mtambo mdogo wa maji. Tuseme swichi ya laini imefunguka, yaani imekata umeme, kwenye kituo cha kupozea umeme. Kwenye chumba cha udhibiti laini inaonekana imekufa. Huko mtaani, paneli za nyumba kadhaa bado zinasukuma umeme kwenye nyaya zilezile.

Hatari inaanzia kwenye transfoma. Wengi tunaijua kwa kazi moja tu: inapokea volti 11,000, kwa mfano, na kuzishusha hadi 400 za kupelekwa majumbani. Lakini transfoma haichagui upande. Ukiiingizia volti 400 kutoka upande wa nyumba, itazipandisha hadi 11,000 upande wa laini kubwa. Ndiyo maana jenereta ndogo iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani, kwa ule waya wenye plagi dume pande zote mbili, inaweza kumuua fundi aliye kwenye nguzo mbali na nyumba hiyo. Waya huo unaweza kumuua hata mwenyewe kabla ya fundi: ukichomoka upande mmoja wakati jenereta inanguruma, meno ya plagi yanabaki wazi yakiwa na umeme.

Fundi wa laini naye hategemei bahati. Anakata umeme kwenye swichi, anaitia kufuli lake mwenyewe na kutundika kibao cha onyo, kisha anapima laini kwa kifaa kilicho kwenye ncha ya fimbo isiyopitisha umeme. Kifaa chenyewe hukijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, na hukijaribu tena baada ya kupima, asije akadanganywa na kipimo kibovu. Halafu anaunganisha nyaya zote tatu pamoja na ardhi, pande zote mbili za mahali anapofanyia kazi. Umeme ukija kutoka upande wowote utaishia ardhini badala ya kupita mwilini mwake. Utaratibu huo umeokoa wengi, ila fundi anayeharakishwa usiku wa dhoruba anaweza kuruka hatua. Ndiyo sababu inveta inalazimishwa kujizima yenyewe bila kumsubiri mtu.

Inveta inajuaje kwamba gridi haipo? Mara nyingi ni rahisi. Gridi ikiondoka, matumizi ya mtaa na uzalishaji wa sola huwa havilingani, kwa hiyo volti au masafa (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, hupimwa kwa hezi) yanaruka nje ya mipaka na inveta inakata. Kazi ngumu ni pale ambapo, kwa sadfa, sola inazalisha karibu sawasawa na kile mtaa unachotumia. Hapo kila kitu kinaonekana shwari. Kwa hali hiyo inveta hupewa mbinu ya ziada: kila mara huyasukuma masafa kidogo, kama mtu anayeegemea ukuta kuhakikisha bado upo. Gridi ikiwapo, haitikisiki. Ikiwa haipo, masafa yanayumba haraka na inveta inagundua. Kiwango cha IEEE 1547 cha chama cha wahandisi wa umeme, kilichotoka mwaka 2003 nchini Marekani, kinataka kisiwa kigunduliwe na umeme ukatwe ndani ya sekunde 2.

Usalama wa fundi si sababu pekee. Laini nyingi zina swichi zinazojirudisha zenyewe baada ya hitilafu ya muda mfupi, mfano tawi lililogusa waya likaanguka. Kisiwa kikiwa hai wakati huo, mawimbi yake yatakuwa yamepishana na ya gridi, na kuviunganisha ghafla kunaweza kuharibu mota, transfoma na inveta zenyewe. Hata umeme ukisharudi, inveta haikimbilii kuwaka. Toleo la 2018 la kiwango hichohicho limeweka subira ya sekunde 300, isipokuwa kama imepangwa vingine. Dakika tano hizo ndizo zinazowafanya wengine wampigie fundi simu bure.

Lakini kujizima haraka nako kuna gharama, na hapa ndipo ninapoona mjadala unapendeza. Ujerumani zamani ilizitaka inveta zijizime masafa yakifika hezi 50.2, wakati kiwango cha kawaida ni 50. Sola zilipokuwa chache, hakuna aliyejali. Zilipofikia magigawati, wahandisi waliona kwamba zote zingeweza kuzimika kwa mpigo mmoja na kuiyumbisha gridi, na mwaka 2012 ikatolewa kanuni ya kubadilisha mipangilio ya inveta ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Agosti 2016, moto wa msitu ulioitwa Blue Cut huko California ulisababisha hitilafu kwenye laini kubwa, na takriban megawati 1,200 za mitambo mikubwa ya sola zikapotea, hasa kwa sababu inveta zilikosea kupima masafa. Siku hizi inveta inatakiwa kuvumilia mitikisiko midogo na bado ijizime pale gridi inapokatika kweli. Kuyapatanisha hayo mawili si jambo jepesi.

Si kila kisiwa ni ajali. Hospitali, kiwanda au kijiji kilicho mbali kinaweza kujitenga kwa kupanga: swichi inakata kabisa uhusiano na gridi, kisha inveta ya aina nyingine, mara nyingi ikiwa na betri, inaunda volti na masafa yake yenyewe. Inveta ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Yenyewe hufuata wimbi inalolikuta, na wimbi lisipokuwapo haina cha kufuata.

Kwa mwenye nyumba maana yake ni hii: akitaka taa ziwake umeme wa gridi unapokatika, anahitaji betri, inveta inayoweza kusimama peke yake, na swichi inayoitenga nyumba na laini. Mwenye jenereta naye anahitaji swichi ya kuhamisha chanzo, ambayo haiwezi kuunganisha gridi na jenereta kwa wakati mmoja. Kampuni za umeme zinapodai usajili na ukaguzi kabla sola haijawashwa, zinataka kujua ni laini zipi zinaweza kulishwa kutoka chini. Nazilaumu kwa jambo moja: fomu zinaletwa kwa mteja bila hata sentensi moja ya kumweleza sababu hiyo, naye anazijaza akiamini ni usumbufu wa ofisini tu.