Kutukana ili kustahimili maumivu: dhana na mipaka yake

Kutukana kama njia ya kustahimili maumivu ni dhana yenye maana finyu kuliko inavyovuma. Inasema hivi: mtu anayetamka tusi kwa sauti wakati mwili unamuuma huweza kuvumilia kwa muda mrefu zaidi kuliko anapotamka neno la kawaida. Haisemi kwamba tusi linaponya, wala kwamba maumivu yanakwisha. Inahusu maumivu makali ya muda mfupi: kidole kilichobanwa na mlango, sindano, kidonda kinachosafishwa, kifundo cha mguu kilichoteguka. Tena tusi linalozungumziwa hapa halimlengi mtu yeyote. Linatolewa hewani tu. Kumporomoshea aliye karibu matusi ni jambo jingine kabisa.

Kuna vipimo ambavyo watu huvichanganya. Kizingiti cha maumivu ni pale mtu anapoanza kusema "sasa inauma". Kikomo cha ustahimilivu ni pale anaposema "siwezi tena". Kipimo cha tatu ni ukali wa maumivu kama anavyoutaja mwenyewe, mara nyingi kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Mtu anaweza kusogeza kikomo chake mbele sana huku kizingiti kikibaki palepale, yaani inaanza kumuuma wakati uleule ila anakaa nayo zaidi. Ukisoma mahali kwamba "matusi hupunguza maumivu", swali la kwanza la kuuliza ni kipimo kipi kilichobadilika. Ushahidi mwingi na ulio imara zaidi uko kwenye ustahimilivu.

Jinsi jambo hili linavyopimwa

Huwezi kumvunja mtu kidole ili uone kama tusi litamsaidia, kwa hiyo watafiti hutumia maji baridi. Mshiriki huanza kwa kuweka mkono kwenye maji ya joto la kawaida, nyuzi 25 hivi za Selsiasi, kwa dakika 3, ili mikono ya wote ianze ikiwa na joto linalofanana. Kisha anauzamisha kwenye maji ya nyuzi 3 hadi 5. Maumivu huja haraka, hupanda hadi yakawa makali, na hayaachi jeraha. Mshiriki anatoa mkono anaposhindwa, na saa inasimamishwa. Wasioshindwa husimamishwa na mtafiti, kwa kawaida baada ya dakika 5, maana baada ya hapo ganzi huanza kuvuruga kipimo.

Maji lazima yazungushwe kwa pampu. Yakituama, mkono hujitengenezea utando mwembamba wa maji yenye uvuguvugu kuuzunguka, na mshiriki ataonekana shujaa bure. Mtu apimwe mara mbili, mara moja akitamka tusi na mara nyingine akitamka neno la kawaida, na nusu ya washiriki waanze na tusi huku nusu nyingine ikimalizia nalo. Bila hivyo utakuwa unapima mazoea ya mkono na baridi. Mkono pia urudishiwe joto katikati ya majaribio mawili. Si mchezo wa kujaribu nyumbani kwa mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, au kidonda mkononi: maji hayo hupandisha shinikizo la damu.

Jaribio lililoanzisha mjadala wote lilichapishwa mwaka 2009 na Richard Stephens na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza. Wanafunzi 67 waliombwa kutaja maneno ambayo yangewatoka wakijigonga dole gumba kwa nyundo, na mengine ya kueleza meza. Tusi la kwanza katika orodha ya nyundo lilishindanishwa na neno kutoka orodha ya meza, yote yakirudiwarudiwa kwa mwendo na sauti ileile. Nadharia iliyokuwa mezani ilikuwa kwamba kutukana ni kukuza mambo, na kwamba anayekuza maumivu huumia zaidi. Matokeo yakaenda kinyume. Waliotukana walivumilia maji kwa wastani wa takriban sekunde 40 zaidi, walisema maumivu yamepungua ukali, na mapigo ya moyo yalipanda. Kundi moja halikufaidika: wanaume wenye tabia ya kuyaona maumivu kama janga lisilovumilika. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha.

Wapo waliohisi kwamba huo ni utamaduni wa Waingereza tu. Mwaka 2017 jaribio lilirudiwa kwa Waingereza na Wajapani, na Wajapani wakatumia tusi la Kijapani ingawa kwao kutukana kwa sababu umeumia si desturi iliyozoeleka. Ustahimilivu uliongezeka kwa pande zote mbili.

Kwa nini linafanya kazi

Maelezo ya kwanza yalikuwa mepesi. Tusi linaamsha hisia, hisia zinaamsha mwili ujiandae kupigana au kukimbia, adrenalini inapanda, na ubongo unashusha ishara kwenye uti wa mgongo za kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda. Njia hiyo ya mwili kujituliza wakati wa hatari inajulikana vizuri. Ndiyo inayomwezesha aliyeumia ajalini kutembea hadi mahali salama kabla hajahisi uchungu wenyewe.

Tatizo ni kwamba ushahidi haukutulia hapo. Mwaka 2018 Stephens na wenzake walipima nguvu badala ya maumivu. Waliotukana waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu zaidi kwenye jaribio la sekunde 30, na walikaza kipima nguvu za mkono kwa wastani wa kilo 2 zaidi. Lakini mapigo ya moyo hayakutofautiana na ya waliotamka neno la kawaida. Kama adrenalini ndiyo siri yote, moyo ungeonyesha. Tangu hapo wazo jingine limepata uzito: kwamba tusi linalegeza breki za ndani. Mtu anayevunja mwiko wa maneno huacha kujichunga kwa muda, hujali kidogo macho ya watu na uchungu, na hujisukuma zaidi. Kwa maoni yetu maelezo haya yanashika vizuri zaidi matokeo yote mawili, ya nguvu na ya maumivu, ila bado hayajafunga mjadala.

Je, si kupotezewa mawazo tu? Jibu zuri lilitoka mwaka 2020. Stephens na Olly Robertson walibuni matusi mapya mawili, "fouch" na "twizpipe", la kwanza lenye sauti ya ukali na la pili la kuchekesha, wakayashindanisha na tusi halisi la Kiingereza na neno la kawaida kwa washiriki 92. Maneno ya kubuni yalipewa alama za juu kuliko neno la kawaida kwa kuamsha hisia na kuchekesha. Kwenye maji baridi hayakufua dafu. Tusi halisi lilisogeza kizingiti kwa asilimia 32 na ustahimilivu kwa asilimia 33. Kwa hiyo kucheka hakutoshi, na sauti kali peke yake haitoshi. Neno linahitaji historia ndani ya mtu.

Historia hiyo hujengwa utotoni. Mtoto anasikia neno, analirudia, anakaripiwa au anachapwa, na tangu siku hiyo mwili hauliachii neno lile lipite kimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima jasho la ngozi kwa watu waliozaliwa na Kituruki wakajifunza Kiingereza baadaye: makaripio na maneno ya mwiko ya lugha ya kwanza yaliwashtua zaidi kuliko ya lugha ya pili. Ndiyo maana anayeumia ughaibuni hulia kwa lugha ya mama. Ubongo nao una ushahidi wake. Baadhi ya watu waliopoteza uwezo wa kusema baada ya kiharusi kwenye upande wa kushoto wa ubongo bado hutamka matusi sawasawa, hali wakishindwa kuunda sentensi fupi. Maneno haya yamehifadhiwa pia kwenye maeneo ya hisia na mazoea, si kwenye maeneo ya lugha ya kupangwa pekee.

Kulitumia, na mahali linapoharibika

Lichaguliwe neno ambalo lingekutoka lenyewe, si lile linalodhaniwa kuwa baya kuliko yote. Litamkwe kwa sauti, lirudiwe kwa mwendo usiobadilika kwa muda wote maumivu yanapokuwa kileleni. Kwenye majaribio hakuna aliyepiga kelele. Sauti ya kawaida ilitosha. Kama mahali hapafai, kulia "auu" kuna msaada wake: utafiti wa Singapore wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanaolia hivyo huvumilia maji baridi zaidi ya wanaokaa kimya, na hata kubonyeza kitufe kulisaidia, pengine kwa sababu misuli imepewa kazi. Kusikiliza tu sauti iliyorekodiwa hakukusaidia.

Kosa la kwanza ni kulitumia kila saa. Mwaka 2011 Stephens na Claudia Umland waliwauliza washiriki 71 hutukana mara ngapi kwa siku, kisha wakawapima. Kadiri mtu alivyozoea kutukana, ndivyo tusi lilivyomwongezea sekunde chache. Anayetukana kila akitafuta funguo atakuta neno limekwisha makali siku anapolihitaji.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona. Maumivu ya muda mrefu hayafanani na ya dakika mbili, na mgonjwa hayabebi peke yake. Utafiti mdogo wa mwaka 2011 ulifuatilia wanawake wenye baridi yabisi au saratani ya matiti kwa vinasa sauti vidogo walivyovaa. Wale waliotukana mbele ya watu walielekea kupungukiwa na msaada wa walio karibu nao, na dalili za sonona ziliongezeka. Kutukana wakiwa peke yao hakukuwa na uhusiano huo. Hatusemi matusi ndiyo yaliyowafukuza watu, kwa kuwa utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo. Lakini mwenye ugonjwa wa miaka anahitaji watu kuliko anavyohitaji sekunde 40.

Matokeo yote haya yasomwe pia kwa tahadhari ya kawaida. Washiriki wengi ni wanafunzi, vijana na wazima. Tena hakuna njia ya kumficha mtu kwamba anatukana, kwa hiyo matarajio yake huingia kwenye kipimo kama yanavyoingia kwa anayemeza kidonge bandia akidhani ni dawa.

La mwisho ni la usalama. Kinachoongezeka ni uvumilivu. Mfupa uliovunjika unabaki umevunjika. Anayejikaza kwa tusi na kukanyaga kifundo kilichoumia anaweza kukiongezea madhara. Asiyeweza kupiga hatua 4, hata za kuchechemea, mara baada ya kuumia na tena anapofika kwa daktari, na ana maumivu kwenye eneo la vifundo, apigwe eksirei. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeumia hasa pale mfupa wa kifundo unapobonyezwa. Ganzi, vidole vinavyopoa na kubadilika rangi, au maumivu yanayozidi saa baada ya saa ndani ya plasta ni dalili za kuwahi hospitali palepale.