Mfumo wa uchawi kwenye hadithi ndo kitu gani?

Mfumo wa uchawi ni zile kanuni zinazoamua, ndani ya dunia ya kubuni, uchawi unatoka wapi, nani anauweza, unamgharimu nini na unakomea wapi. Vijana wengi hapa Unguja na Pemba wanaoandika hadithi za kichawi wanaliruka hili, mganga wao akitaka anapaa, akitaka anafufua maiti, msomaji ukurasa wa tatu keshajua hakuna kitakachomshinda, sa aendelee kusoma kwa lipi?

Mipaka iko ya aina mbili, na watu wanaichanganya sana. Kuna ambalo uchawi hauliwezi, na kuna ambalo unaliweza ila wakubwa wamelikataza. Chukua dunia ya Harry Potter, yule kijana mchawi wa vitabu vya J. K. Rowling, mana wengi tunaijua. Kule chakula hakitoki hewani, ukiwa nacho kidogo utakizidisha, ukijua kilipo utakiita kije, lakini kama huna na hujui kilipo utalala na njaa na fimbo yako mkononi, hata uwe waziri.

Upande wa sheria ndo mtamu zaidi kwangu. Kule kule, mkataba wa wachawi kujificha wasijulikane na wasio wachawi ulisainiwa 1689 ukaanza kazi 1692, afu 1875 ikaja amri ya kuwazuia watoto, yani hujafika miaka 17 marufuku kufanya uchawi nje ya skuli. Mtoto anakuwa na alama isiyoonekana, uchawi ukifanyika karibu yake Wizara ya Uchawi, yani serikali ya wachawi, inajua hapo hapo, ila haijui kaufanya nani! Ndo mana Dobby, kile kijitu mtumwa chenye uchawi wake, alipoirusha pudini nyumbani kwa kina Dursley, jamaa wasio wachawi waliomlea Harry, barua ya onyo alipewa Harry. Na mtoto anaeishi na wazazi wachawi akifanya yale yale haonekani, Wizara inawaachia wazazi wamkataze wenyewe, kwa hio sheria ni moja lakini anaeumia ni yule aliyelelewa na wasio wachawi. Jamani hio ni dhulma, na hadithi inanoga hapo hapo.

Hata zile laana tatu zilizokatazwa kabisa, ya kuua, ya kutesa na ya kumtawala mtu, ukimtupia binadamu moja tu ni kifungo cha maisha Azkaban, jela ya wachawi, lakini wakati wa vita serikali hio hio iliwaruhusu askari wake wawatupie washukiwa.

Kwa hio ukiandika yako ya Wete au Makunduchi, amua mapema mganga wako hawezi nini kabisa, afu amua nani kamkataza yale anayoyaweza, wazee wa kilinge au sheha, na mtoto wa mzee akivunja mwiko anafanywa nini.