Glavu za Dereva wa Semitrela Lisilo na Kuta: Namna ya Kuchagua Zinazodumu

Dereva wa semitrela lisilo na kuta hafanyi kazi ya usukani peke yake. Kabla ya kutoka bandarini Dar es Salaam na koili za bati au nondo za kupeleka Lubumbashi, na tena kila anaposimama kukagua mzigo hadi Tunduma na Kasumbalesa, yeye na utingo wake hukaza mikanda, huburuta minyororo, hukunja turubai na kupanda juu ya shehena wakishika chochote kilicho karibu. Safari ya kurudi huweza kuwa ya mabamba ya shaba, ambayo kingo zake zina vinundu vyenye ncha na hufungwa kwa mikanda ya chuma myembamba inayokata kama wembe. Pamoja na hayo yote, glavu zinazoonekana kwenye dashibodi za malori mengi ni zile za pamba zenye vidoti vya plastiki, ambazo zinafaa kubebea maboksi ghalani na hazifai kwa mnyororo. Dizeli hupenya ndani yake mara moja, na nyuzi zake huanza kufumuka zikigusa bati mara chache tu.

Anayetaka kununua glavu zinazodumu, awe dereva mwenyewe au ofisa ununuzi wa kampuni, namshauri aanze na zile zilizokwisha kuchakaa. Azikusanye kutoka kwa madereva, azipange mezani na kuzitazama moja moja kabla hajaenda dukani. Mara nyingi ataona kwamba katikati ya kiganja bado ni pazima, ilhali tundu la kwanza limetokea kwenye pembe kati ya gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo mpini wa racheti, kile kifaa chenye meno cha kukazia mikanda, na ukanda wake husugua kila unapokazwa. Tundu la pili huwa kwenye ncha za vidole, kwa sababu ya kuvuta kamba za turubai. Kwa dereva wa namna hiyo, glavu yenye kiraka kinene katikati ya kiganja ni fedha iliyopotea. Anahitaji ile iliyoongezwa ngozi kwenye pembe ya gumba na kwenye ncha. Ikiwa ngozi ni nzima lakini mshono umeachia, tatizo ni uzi, na hapo inafaa kutafuta glavu iliyoshonwa kwa uzi wa aramidi, aina ya uzi bandia imara, ambao hustahimili msuguano na joto kuliko uzi wa pamba. Ikiwa ngozi imekakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, huenda glavu yenyewe haina kosa: ilikaushwa juu ya injini.

Kuhusu ngozi, tofauti kubwa ni tabaka. Ngozi ya ng'ombe ya tabaka la juu, upande uliokuwa na manyoya, ni laini, hubana nyuzi zake pamoja na huchelewa kunyonya maji. Tabaka la ndani, lenye vinyweleo kama kitambaa cha mahameli, ni la bei nafuu na hustahimili kusuguliwa, lakini ni gumu kukunja na hulowa mafuta haraka. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na bado ina nguvu, hivyo huwafaa wanaofunga vifundo vya kamba na kushika nati ndogo. Ngozi ya nguruwe hubaki laini hata baada ya kulowa na kukauka, ingawa najua si kila dereva atakubali kuivaa, na hilo liheshimiwe wakati wa kununua. Glavu za kufumwa kwa nyuzi bandia zilizopakwa nitraili, aina ya mpira bandia, hushika vizuri chuma chenye mafuta na huosheka. Udhaifu wake ni joto. Lori linapomaliza mteremko wa Kitonga na dereva akalazimika kubadili tairi, ngoma za breki huwa za moto, na nyuzi za nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi ya mtu. Kwa sababu hiyo napendelea dereva awe na jozi mbili: moja ya ngozi kwa minyororo, racheti na magurudumu, nyingine ya nitraili kwa mafuta, mvua na kazi za vidole.

Glavu nyingi zinazouzwa kama vifaa kinga huwa na mchoro wa nyundo ndani ya ngao, na chini yake mfululizo wa tarakimu na herufi. Huo ni utaratibu wa kiwango cha Ulaya cha EN 388, toleo la 2016, na anayejua kuusoma hadanganywi na unene wa glavu. Tukichukua mfano wa 4X43D, tarakimu ya kwanza ni uwezo wa kustahimili msuguano, kuanzia 1 hadi 4: glavu ya daraja la 1 hutoboka baada ya kusuguliwa kwa msasa mizunguko isiyopungua 100, na ya daraja la 4 hufikisha 8,000. Nafasi ya pili ni kipimo cha zamani cha kukatwa kwa kisu cha duara. Herufi X hapo maana yake ni kwamba kipimo hicho hakikufanyika, wala si alama ya kufeli. Ya tatu ni nguvu ya kuchanika, ya nne ni kutobolewa, zote zikiishia 4. Herufi ya mwisho, A hadi F, ni kipimo kipya cha kukatwa, ambapo nguvu ya kukata hupimwa kwa nyutoni: A ni nyutoni 2, D ni nyutoni 15 na F ni nyutoni 30. Ikiongezwa P mwishoni, vifundo vya vidole vimewekewa kinga dhidi ya kugongwa. Glavu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia A1 hadi A9 kwa kukatwa, na A4 hukaribia sana D ya Ulaya.

Kwa kazi ya kufunga mzigo, tarakimu ya kwanza ndiyo ya kutazamwa zaidi, na nisingependekeza iliyo chini ya 3. Wauzaji hupenda kusifia herufi ya kukatwa kwa sababu F inavutia macho, lakini glavu yenye F na msuguano wa 2 itatoboka mapema, na ikishatoboka ile F haina kazi tena mahali pale. Anayebeba mabamba ya shaba au mabati anahitaji vyote viwili, angalau D na 4. Anayebeba mbao kutoka Mafinga anaweza kuridhika na herufi ya chini, ila aangalie tarakimu ya nne kwa ajili ya vibanzi.

Hata hivyo, vipimo hivyo vina mipaka yake. Hufanyika kwenye kiganja cha glavu mpya, kwa hiyo havisemi lolote juu ya mgongo wa mkono, ambao mara nyingi ni kitambaa tu. Kipimo cha kutobolewa hutumia pini nene yenye ncha iliyofifia, inayofanana na msumari kuliko sindano. Waya wa chuma uliosokotwa ukianza kukatika, nyuzi zake hutokeza nywele nyembamba zinazopita kwenye glavu yenye daraja la 3 la kutobolewa bila shida. Kinga yake ni kuuondoa waya huo kazini, wala pasiwe na mtu anayeupitishia kiganja kuutafuta ulipokatika.

Ukubwa hupuuzwa mno, kwani kampuni nyingi hununua saizi moja kwa wote. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini ya vifundo vya vidole, bila kuhesabu gumba: ikisoma takribani milimita 229, yaani inchi 9, saizi ni 9, na inchi 10 ni saizi 10. Glavu inayopwaya huchakaa haraka zaidi kwa sababu ngozi hukunjana na kujisugua, na ncha za vidole vyake zilizobaki tupu huingia kwenye meno ya racheti. Inayobana huvuliwa na kuwekwa mfukoni. Vilevile, karibu na shafti au kapi inayozunguka, glavu yoyote ni hatari na inapaswa kuvuliwa, kwa kuwa ikinaswa huvuta mkono wote.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na nchini Kenya ile ya mwaka 2007, zinampa mwajiri wajibu wa kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga vinavyofaa. Utingo husahaulika katika mgao, pengine kwa sababu ameajiriwa na dereva kwa mdomo tu, ingawa ndiye anayeshika minyororo kuliko mtu mwingine yeyote kwenye lori. Mgao umhesabu.

Glavu za ngozi zikilowa zikaushwe kivulini, mbali na bomba la moshi, na zisifuliwe kwa petroli. Zilizolowa dizeli zisirudishwe mkononi, kwani huharibu ngozi ya mvaaji kwa saa nyingi bila yeye kujua, na mikono ikianza kuwasha au kupasuka aonwe daktari. Tundu lisizibwe kwa tepu kwa matumaini ya kumaliza safari: tepu huteleza kwenye mpini wa racheti, na kingo zake zinazobanduka hunaswa na mkanda unapokazwa. Jozi ya akiba ikae ndani ya kabini tangu lori linapotoka gereji.