Matuta ya Machu Picchu: kazi kubwa imefukiwa ardhini

Wageni wengi wanaofika Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka milimani nchini Peru, huyakimbilia mahekalu na kilele cha Huayna Picchu, na matuta, yaani ngazi za ardhi iliyosawazishwa na kuzuiwa kwa kuta za mawe, huyapita njiani tu. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ya miaka yote ni hifadhi ya udongo na maji, nilianzia kwenye matuta. Nilichuchumaa mbele ya ukuta mmoja, nikayagusa mawe yake yaliyokwisha kupata jua la asubuhi, nikaona kwamba haukusimama wima, bali umelalia mlima kidogo, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega.

Mji huu ulijengwa katikati ya karne ya 15, enzi ya Pachacuti, mtawala wa Wainka, mita zipatazo 2,430 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima ambao miteremko yake mikali inashukia mto Urubamba. Mvua hapo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Desemba na Machi. Mjenzi asiyeyatengenezea maji njia mahali kama hapo, kazi yake huishia bondeni.

Mhandisi Kenneth Wright na mwanaakiolojia Alfredo Valencia Zegarra, waliochunguza maji ya Machu Picchu kwa miaka mingi, walionyesha kilichomo nyuma ya kuta hizo: chini kabisa mawe na vipande vya graniti vilivyobaki kwenye uchongaji, juu yake kokoto, kisha mchanga, na juu kabisa udongo wa kulimia. Mvua ikinyesha, maji huzama badala ya kutiririka na kuuchukua udongo, hupenya hadi kwenye mawe, kisha hushuka taratibu bila kutuama nyuma ya ukuta. Uzito wa maji yaliyotuama ndio unaoangusha kuta nyingi tunazojenga leo, nami nimeziona zikianguka. Watafiti hao walikadiria kwamba asilimia 60 hivi ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba matuta haya yalikuwa mashamba tu. Mahindi yalilimwa, lakini eneo la matuta halikutosha kuwalisha wakazi, na chakula kingine kililetwa kutoka nje. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuushikilia mlima. Anayetaka kuona matuta yakiwa mashamba hasa aende bonde la Colca, kusini mwa Peru, ambako wakulima wanalima hadi leo matuta yaliyotangulia hata utawala wa Wainka.

Ukifika, tazama mawe marefu yaliyochomoza kwenye kuta: hizo ni ngazi za wakulima. Tafadhali usizikanyage, kwani jiwe likilegea, maji hupata tundu. Kisha fuata mfereji wa mawe, wenye urefu wa mita 749, unaoleta maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi kwenye birika la kwanza, kando ya makazi ya mtawala, na kutoka hapo huteremka birika kwa birika, yote 16. Nilikinga kiganja karibu na birika mojawapo, nikapata matone ya maji baridi.